Injini Ikipasuka, Kwa Nini Alipe Dereva?



Habari hii tunaiandika kwa ajili ya madereva wetu wa mashambani na viwandani, na kwa ajili ya wajumbe wa matawi wanaowasimamia wanapoitwa ofisini. Wachuma chai na wakata miwa, msifunge ukurasa. Yaliyompata dereva mmoja mwaka huu yatampata mwaka ujao yule aliyekabidhiwa mashine ya kuchumia majani, au yule anayelinda boila.

Shauri lenyewe lilitufikia hivi. Katika shamba moja la chai la upande wa magharibi, ambalo jina lake tunaliacha kwa sababu shauri halijafungwa, dereva mwenzetu aliyekaa kazini miaka 11 alipewa barua siku ya Jumatano asubuhi. Barua ilisema ya kwamba gari la meneja, Subaru Forester yenye tabo, limevunjika injini mikononi mwake. Ya kwamba kosa ni lake, kwa kuwa alikuwa akizima injini kabla haijapoa. Na ya kwamba gharama yake, shilingi 6,000,000, itakatwa katika mshahara wake shilingi 150,000 kila mwezi. Mwenzetu huyo hupokea shilingi 420,000. Pigeni hesabu, ndugu. Ni miezi 40. Ni miaka mitatu na miezi minne ya kumlipia mtu mwingine gari lake, na hapo watoto wawili wako shuleni.

Alipokuja kwetu hakulalamika sana. Alisema tu, "Wandugu, mimi nataka kujua kama kweli nimeiua." Neno hilo lilitushinda, maana sisi wenyewe hatukujua. Wengi wetu katika kamati tuliishia darasa la saba, na habari za tabo tulikuwa tukizisikia kwa vijana wa gereji. Mzee mmoja wa kamati alidhani siku zote kwamba wanasema tabu, naye hakukosea sana. Basi tulikwenda kwa fundi mmoja mkongwe, mtu wa oili mpaka kwenye nyusi, tukakaa kwenye gereji yake siku mbili tukiuliza maswali ya kitoto. Haya yafuatayo ndiyo tuliyojifunza. Tunayaeleza kwa urefu kwa sababu mjumbe asiyejua kitu kinavyofanya kazi huingia ofisini mikono mitupu, na hutoka vile vile.

Injini hula petroli na hewa. Ukitaka ifanye kazi kubwa zaidi lazima uipe petroli zaidi, na petroli haiungui vizuri bila hewa ya kutosha. Tabo ni pangaboi mbili ndogo zilizofungwa kwenye mti mmoja wa chuma. Ya kwanza husukumwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ikizunguka, ya pili nayo huzunguka, na hiyo ya pili huvuta hewa ya nje na kuisindilia ndani ya injini. Kwa hiyo moshi ambao ungepotea bure unarudishwa kazini. Aliyefikiri hivyo ni Mswisi, Alfred Büchi, ambaye aliandikisha uvumbuzi wake mwaka 1905. Mti ule wa chuma huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Moshi wa injini ya petroli inayosukumwa kwa nguvu hufika joto la digrii 900 hivi, hata chuma cha upande wa moshi kikawa chekundu kama kaa la moto. Kinachouzuia mti usisage beringi zake ni utando mwembamba wa oili, basi.

Hapo ndipo linapotoka jambo la kupoza. Dereva akipanda mlima mrefu kwa nguvu, akafika juu na kuzima ufunguo ghafla, pampu ya oili inasimama papo hapo, lakini chuma bado kina moto. Oili iliyobaki kwenye beringi huungua na kuwa makaa, kama mafuta ya kukaangia yanavyoganda kwenye sufuria iliyosahauliwa jikoni. Siku moja haiui. Mambo yakirudiwa mwaka mzima, makaa huziba njia ya oili na beringi hukauka. Dawa yake haina gharama: iache injini iungurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuizima, au endesha taratibu ile kilomita ya mwisho. Magari mengi yana maji yanayozunguka kwenye kiwiliwili cha tabo ili kupunguza joto, na kwa hayo hatari ni ndogo zaidi. Dereva mwenye busara hupoza hata hivyo.

Taima ya tabo ni kikasha kidogo kinachofungwa kwenye nyaya za swichi ya ufunguo. Dereva anatoa ufunguo, anashuka, anafunga mlango, na injini inaendelea peke yake kwa dakika zilizopangwa, kisha inajizima. Wajapani ndio waliovisambaza sana vikasha hivi: HKS, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1973 huko Fujinomiya, chini ya mlima Fuji, na wengine kama Blitz na Greddy. Vijana wa Japani walikuwa na hamu ya mbio. Tangu karibu mwaka 1989 mpaka mwaka 2004 wenye viwanda vya magari huko walikuwa wamekubaliana wao kwa wao wasitangaze gari lenye nguvu ya kupita farasi 280, basi aliyetaka zaidi alikwenda dukani kununua vifaa vya kuongeza. Halafu gari huchakaa, huuzwa, hupandishwa melini, hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, na huja kwetu pamoja na vikasha vyake. Mnunuzi wa hapa Uganda anakuta taa yenye namba karibu na usukani na maandishi ya Kijapani asiyoyaelewa. Anafurahi kwamba amepata nyongeza ya bure. Forester ya meneja wetu iliingia nchini namna hiyo mwaka 2014, ikiwa na vikasha viwili.

Kikasha cha pili ndicho chenye maneno. Tabo haina akili ya kujizuia. Moshi ukizidi inazunguka zaidi, ikizunguka zaidi inaleta hewa zaidi, hewa inaleta moshi zaidi tena. Kwa hiyo watengenezaji wa injini waliweka kilango pembeni. Presha ikifika kiasi walichokipanga, hewa yenyewe hupita kwenye mpira mwembamba na kukisukuma kiwambo chenye springi. Springi ikibonyea, fimbo inasogea, kilango kinafunguka, na moshi uliozidi unapita kando bila kuigusa pangaboi. Sasa kidhibiti presha, hicho kikasha cha pili, kazi yake ni kukidanganya kile kiwambo. Humwaga sehemu ya hewa iliyo kwenye mpira, au huizuia njiani, ili kiwambo kipate presha ndogo kuliko ile iliyopo kweli. Kilango kinachelewa kufunguka, na tabo inaendelea kusindilia.

Fundi alipotueleza hilo tulicheka wote. Tunamjua nyapara wa namna hiyo. Ni yule anayeandika kilo pungufu kwenye kitabu, ili ionekane kipimo cha siku hakijafika na watu waendelee kuchuma.

Kipo hata kikasha cha tatu, ambacho huidanganya kompyuta ya gari. Kompyuta ikiona presha imepita mpaka hukata petroli ili kuiokoa injini, na mwenye gari hukasirika kwa kukatizwa mbio. Badala ya kupunguza presha hununua kifaa cha kuifumba macho kompyuta. Tulimwuliza fundi mara mbili kama tumemsikia sawasawa.

Presha ikizidi, hewa iliyosindiliwa huwa ya moto mno, na petroli hulipuka kabla ya wakati wake. Mafundi husema injini inagonga. Pistoni, ambayo ilipaswa kusukumwa, inapigwa nyundo. Kingo zinazoshika ringi huvunjika, gasketi ya kichwa hupasuka, na pengine pistoni hutoboka. Huku kwetu milimani kuna jambo jingine la kuongeza. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita, na ili kutoa presha ile ile tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kuliko ilivyofanya kule Yokohama karibu na bahari. Namba iliyopangwa na kijana wa Kijapani haikupangwa kwa ajili ya milima yetu.

Hapa, wajumbe wa matawi, tunaomba msome polepole. Tabo iliyouawa kwa kutopozwa huacha makaa meusi kwenye mti na kwenye beringi. Injini iliyouawa kwa presha kupita kiasi huacha pistoni iliyovunjika, na dereva hata angeipoza saa nzima kila jioni asingeiokoa. Ni vifo viwili vyenye alama mbili tofauti. Barua ya kampuni ilimshtaki mwenzetu kwa kifo cha kwanza. Basi tulidai kuiona maiti.

Siku ya kwanza tulikataliwa. Baada ya barua ya pili tulikubaliwa, na kwa bahati njema vyuma vilikuwa bado kwenye gunia stoo, havijapelekwa kwa wauza vyuma chakavu. Fundi wetu aliuchukua mti wa tabo akaupangusa kwa kidole mbele ya ofisa wa utumishi. Ulikuwa umelowa oili, safi, hauna kaa hata kidogo. Kisha akatoa pistoni ya nne. Ukingo wa ringi ulikuwa umemeguka kama sahani ya udongo. Akaenda kwenye gari, akafungua umeme, akabonyeza kile kidhibiti presha mahali panapotunza kumbukumbu ya presha ya juu iliyowahi kufikiwa. Ilitokea namba 1.4. Fundi akasema kiwandani injini ile haikupangiwa kufika hata 1.

Ofisa wa utumishi akauliza, na lilikuwa swali halali, tutajuaje kwamba siye dereva aliyeipandisha. Hapo kilitusaidia kitabu cha safari. Mwenzetu ana tabia ya kuandika kila kitu, saa ya kutoka na saa ya kurudi, kilomita, hata mvua. Kitabu kilionyesha ya kwamba Ijumaa mchana alikabidhi ufunguo, kama ilivyo desturi kila Ijumaa, na meneja akaendesha mwenyewe kwenda Kampala. Gari lilirudi Jumatatu usiku. Jumanne asubuhi dereva alilichukua kwenda benki, na kabla ya kufika njia panda likaanza kutoa moshi wa buluu na kupoteza nguvu. Aliandika na hilo, pamoja na saa.

Ikaja ile taima. Ilikuwa imechomolewa nyaya. Nani aliichomoa? Fundi umeme wa kiwanda, mwanachama wetu, alikuwa na karatasi ya kazi iliyotoka ofisini mwezi Machi, ikimwagiza aitoe kwa sababu inapoteza petroli. Na mwezi huo huo dereva alikuwa amepewa barua ya onyo, anayo mpaka leo, iliyosema ya kwamba ameonekana akiacha injini ikiunguruma gari limesimama, na ya kwamba akirudia atachukuliwa hatua. Mwezi Machi anaonywa kwa kuipoza injini. Mwezi Agosti anakatwa mshahara kwa kutoipoza. Sisi tumefanya kazi ya chama miaka mingi, tumeona barua za kila aina, lakini mbili hizo tuliziweka mezani pembeni kwa pembeni, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno.

Wapo watakaosema sisi tunachukia mitambo. Si kweli. Taima ya tabo ni kifaa kizuri kwa anayejua matumizi yake, na tabo yenyewe ni akili kubwa ya binadamu. Hata kidhibiti presha, mtu akinunua gari lake kwa fedha zake, akaweka saa ya presha, akapanga kwa kiasi pamoja na petroli ya kutosha, akakubali kwamba injini ikipasuka imepasuka yake, sisi tuna neno gani? Mambo haya yana historia. Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari lililoitwa Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya abiria yenye tabo. Ili lisigonge lilihitaji chupa ya maji yaliyochanganywa na kemikali ya methanoli, na mwenye gari alipaswa kuijaza kila ikipungua. Wengi walisahau, wakabaki kulalamika kwamba gari halina nguvu. Modeli zake zilikuwa za miaka miwili tu, 1962 na 1963. Lakini aliyesahau chupa alilaumiwa yeye mwenyewe. Hakumkata mtu mshahara.

Tunachokataa ni utaratibu wa mmoja kuongeza presha na mwingine kulipa. Utaratibu huo tumeukuta pia kwenye malori.

Lori la dizeli lina njia yake. Huko kuongeza hewa peke yake hakuleti nguvu nyingi, kwa maana nguvu ya dizeli inatokana na mafuta yanayotoka kwenye pampu. Basi fundi huagizwa aguse skrubu ya pampu, mafuta yazidi, na lori lipande mlima likiwa na majani ya safari mbili kwa mara moja. Moshi mweusi mnaouona ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuungua. Joto linapanda, tabo inateketea, kichwa cha injini kinapinda. Nani amekaa nyuma juu ya magunia akivuta moshi huo asubuhi na jioni? Ni wachuma chai, na baadhi yao wana watoto mgongoni. Na tabo ikifa mlimani, nani anaulizwa? Dereva, kisha taniboi wake. Skrubu ile huwa na rangi au lakiri ya kiwandani. Dereva anayekabidhiwa lori aitazame kabla ya kutia saini, na akiona imeguswa aandike hivyo.

Tuseme pia neno moja juu ya taima na askari wa usiku, kwa sababu halisemwi. Injini inayoendelea kuunguruma ndani ya banda lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Bwana mkubwa ametoa ufunguo, amekwenda kula, na askari amejikunyata humo humo bandani kukwepa baridi. Tena gari la gia za mkono lenye taima haliwezi kuachwa kwenye gia. Linategemea breki ya mkono peke yake, na kwenye miteremko yetu breki za mkono tunazijua zilivyo. Ndiyo maana taima iliyofungwa vizuri huunganishwa na breki ya mkono, ili breki ikiachia injini izimike. Mwulizeni fundi umeme kama ya gari lenu imeunganishwa. Huko Japani kwenyewe mikoa mingi, Tokyo ikiwamo, imekataza kuacha injini ikiunguruma gari limesimama, kwa ajili ya hewa ya watu.

Sasa tuje kwenye sheria. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake namba 95 wa mwaka 1949 juu ya kulinda mishahara, kifungu cha 8, lilisema mshahara haukatwi ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mkataba wa pamoja au uamuzi wa msuluhishi. Majirani zetu wa Kenya, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, wanamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa pale tu mfanyakazi alipoharibu kwa makusudi yake. Tanzania wameeleza wazi zaidi. Sheria yao ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inataka mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, deni lisipite hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Robo ya shilingi 420,000 ni 105,000. Mwenzetu alikuwa akikatwa 150,000, bila kuulizwa, kwa kosa ambalo vyuma vyenyewe vinalikana. Angekuwa upande wa pili wa mpaka, barua ile isingesimama hata siku moja.

Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 40, inatupa haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Tuitumie. Katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa pamoja, tawi letu litadai ya kwamba kila gari la kampuni liwe na karatasi inayoonyesha vifaa vilivyoongezwa, kiasi kilichopangwa, na jina la aliyepanga. Injini ikivunjika, isifunguliwe bila dereva na mjumbe wa chama kuwapo, na vyuma vitunzwe mpaka shauri liishe. Dakika za kupoza zihesabiwe kuwa kazi, kwa maandishi, ili asitokee mtu mwingine wa kuonywa Machi na kukatwa Agosti. Wenzetu wengine katika kamati wanaona jambo la dakika mbili ni dogo mno kwa mkataba. Sisi tunaona ni dogo kwa asiyewahi kupewa barua.

Mama mmoja mchuma chai aliyesikiliza tulipokuwa tukieleza haya mkutanoni aliuliza kama katika karatasi hiyo yaweza kuandikwa na dakika za mtu kupumua anapofika juu ya mlima na kikapu. Watu walicheka, lakini mwandishi wa mkutano ameliandika, na litakwenda mezani na mengine.

Vijana wa kiwandani wanaochangishana fedha kununua Subaru iliyotumika wametuuliza maoni yetu. Tangu mwaka 2018 magari ya zaidi ya miaka 15 hayaruhusiwi kuingia nchini, lakini ya zamani bado yako barabarani na yanauzwa mkono kwa mkono. Mkikuta kikasha cha presha, kiondoeni na kurudisha mpira wa kiwandani kabla ya safari ya kwanza. Taima mnaweza kuiacha. Na kama fedha ni za ushirika, ya watu sita, hakuna mmoja mwenye haki ya kupandisha namba usiku wa Jumamosi.

Shauri la dereva wetu limefika hapa. Makato yamesimamishwa tangu mwezi wa Novemba. Alikuwa amekatwa miezi mitatu, jumla shilingi 450,000. Amerudishiwa 300,000. Hizo 150,000 zilizobaki ofisi ya hesabu inasema inasubiri sahihi ya meneja, na barua ya onyo ya Machi haijaondolewa kwenye faili lake. Kamati inarudi huko siku ya Alhamisi saa nne asubuhi. Madereva wa mashamba ya jirani wanaotaka kufuatana nasi waje na vitabu vyao vya safari.